Kisu cha Ugali

Mtoto wangu wa pili alikuja jana usiku akasimama kwenye mlango wa sebule, mikono nyuma kama alivyofundishwa, akasema, "Baba, bibi anaomba kisu."

"Cha nini?"

"Cha ugali."

Nilikuwa nimeketi mkekani na mjomba wa mke wangu. Kwa msomaji wa Newala au Tandahimba sina haja ya kueleza uzito wa jambo hili. Kwa wengine niseme tu kwamba Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake. Huyu aliyekaa mbele yangu ndiye aliyejibu barua yangu ya posa, na kwa jinsi alivyoinua macho aliposikia neno kisu, niliona anakumbuka kwamba barua ile ingeweza kupata jibu jingine.

Mama mkwe alikuwa uani na mke wangu na watoto, maana mimi na yeye hatukai sinia moja. Mila hii sikuwahi kuishukuru ipasavyo hadi jana. Kasoro yake ni kwamba inazuia macho, masikio haiyazuii. Kutoka uani nilisikia mtu akijitahidi asicheke, kisha kikohozi, kisha mke wangu akimwambia mtu anyamaze.

Mjomba hakucheka. Alinawa, akasema bismillah, akapeleka mkono. Vidole viliingia vizuri. Kazi ikawa kuvitoa. Ugali ulimfuata, ukavutika kutoka kwenye sinia hadi usawa wa kifua, ukawa mwembamba katikati, tukangoja ukatike. Haukukatika. Mjomba alipolegeza mkono, ukarudi taratibu mahali pake, ukaziba lile shimo, ukatulia mzima.

"Baba," akasema, "umeusonga mwenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hukusaidiwa?"

"Hapana, mjomba."

Akafikiri kidogo. "Una nguvu."

Nikampa mtoto kisu. Kule uani ugali ukakatwa vipande, na mtoto wangu wa mwisho, ambaye chakula pekee alichowahi kuona kikikatwa huku watu wamekizunguka ni keki, akauliza kwa sauti leo ni siku ya kuzaliwa ya nani.

Chanzo cha yote haya ni ngano. Mke wangu aliugua tumbo muda mrefu, akakonda, damu ikawa inapungua kila mara, hadi daktari mmoja wa mbali na huku akamwambia: ngano basi. Si kupunguza, ni kuacha kabisa, pamoja na shayiri. Utumbo wake hauelewani na gluteni, na dawa ya kumeza hakuna. Akatakiwa apumzike, ale vizuri, tukapewa na karatasi ya milo bora ya jioni. Karatasi hiyo nimeitunza, huwa naisoma nikitaka kukasirika. Jumatatu: kwinoa na samaki aina ya samoni wa kuoka. Jumanne: mkate wa unga wa lozi. Jumatano: bakwiti. Nilikwenda nayo sokoni Newala. Muuza dagaa mmoja aliisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia, akanipa pole.

Gluteni yenyewe ni kitu cha ajabu, na tangu niijue sijaweza kula chapati kwa amani. Punje ya ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini. Katika unga mkavu zimelala tu. Tia maji, anza kukanda, zinashikana, zinakuwa nyuzi zinazovutika. Hizo ndizo zinazofanya chapati isukumwe mpaka ikaribie kuonyesha upande wa pili bila kuchanika, na ndizo zinazoibana hewa ndani ya andazi likavimba. Kwa watu wengi nyuzi hizo huliwa zikaisha, habari ikaishia hapo. Kwa wachache, kinga ya mwili huzichukulia kuwa adui, na katika kumpiga adui huyo inaupiga utumbo mdogo wenyewe, inafyeka vinyweleo vinavyofyonza chakula. Mtu anakula, anashiba, na mwili unabaki na njaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha ikaja ile baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani wamezuia chakula, mkate umeadimika, watu wanachemsha vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengine walidhoofika. Wagonjwa wake wa tumbo walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Tasnifu yake juu ya jambo hilo ilitoka mwaka 1950.

Nilipoyajua haya nikajiona nimeshinda kabla ya kucheza. Ngano gani huku kwetu? Uwanda wa Makonde una muhogo, mtama, mbaazi, kunde, njugu mawe, korosho hadi mlangoni, na mchele unapanda kutoka bonde la Ruvuma. Ngano huja kwa lori, imefungwa kwenye mfuko. Lakini tumeipokea, tukaipa kiti cha mbele. Asubuhi chapati, saa nne maandazi, mwezi wa Ramadhani tambi. Mgeni akija, mtoto anakimbizwa dukani kununua unga wa ngano, kwa sababu ukimwekea mgeni ugali wa muhogo atakwenda kusimulia kwamba mambo yenu yamekaa vibaya. Basi nikatangaza kwamba kuanzia sasa mpishi wa jioni ni mimi, kwamba nyumba hii itarudi kwenye muhogo, na kwamba itakuwa afya tupu bila gharama. Nilitangaza mbele ya mashahidi, mmoja wao akiwa na simu ya kumpigia mama yake.

Nilinunua makopa ya muhogo sokoni Masasi, meupe, makavu, yakivunjika kwa mlio. Nikayapeleka mashineni. Jana jioni nikabandika maji.

Sasa hapa pana jambo ambalo mtu angeniambia mapema ningemlipa. Unga wa muhogo ni karibu wanga mtupu, protini yake ni kidogo mno. Chembe za wanga huo kwenye maji ya baridi hazina habari na wewe. Joto likifika nyuzi sitini na kitu, zinaanza kunywa maji, zinavimba, zinapasuka, na vilivyomo ndani vinamwagika na kunasana. Unga wa mahindi hufanya hayo kwa utaratibu, unakupa nafasi ya kupangusa jasho. Muhogo unakuvizia. Unatia unga, unakoroga, bado ni maji. Unatia tena, bado maji. Unaona muuza makopa amekulaghai, unamimina uliobaki wote, na hapo chembe zote, za mkupuo wa kwanza na za mkupuo wa mwisho, zinavimba kwa pamoja. Mwiko ukasimama. Nikausukuma, sufuria ikazunguka nao. Nikaibana sufuria kwa nyayo, nikavuta, mwiko ukatoka na ugali wote, na sufuria ikabaki safi, hata kuoshwa haikuhitaji. Ukiugusa ulikuwa kandambili. Nikaurudisha nikausonga zaidi, kwa kuwa nimewahi kusikia kwamba ugali mgumu hulainika ukisongwa. Huo ni wa mahindi. Wa muhogo, kadiri unavyousonga ndivyo unavyopata nguvu za kupambana nawe.

Mama mkwe, nimekuja kuambiwa, huipua kwanza sufuria, hupunguza maji kando, humwaga unga kwa mara moja, husonga haraka, na humaliza kabla mimi sijapata pa kuweka miguu.

Kisu kilikuwa utangulizi. Mtoto alirudi.

"Baba, bibi anauliza, muhogo huu ni mtamu au mchungu?"

Nikasema mtamu. Nilidhani ni swali la adabu.

Akaenda, akarudi. "Anauliza umejuaje."

Mjomba akaacha kutafuna. Alikuwa hatimaye amefanikiwa kupata tonge, nalo akalitoa mdomoni akaliweka pembeni ya sinia kwa heshima. Mtoto akaondoka na kimya changu akakipeleka uani, na muda si muda masinia yote mawili yakakusanywa, tukaachiwa mbaazi za nazi, ambazo alizipika jirani na kwa hiyo zilikuwa nzuri. Mama mkwe akaja hadi kona ya ukuta, mahali ambapo hatuonani, mtoto akasimamishwa katikati, na mafunzo yakaanza.

"Mwambie baba yako muhogo mchungu hauna rangi. Ni mweupe vilevile."

"Baba, muhogo mchungu hauna rangi."

"Nimesikia."

"Bibi, amesikia."

"Mwambie hauulizwi sokoni tu. Unaulizwa aliyeulima, aliyeumenya na aliyeuanika, na siku ulizokaa juani."

Yaliendelea hivyo mpaka taa ya sola ikaanza kufifia, na mjomba akiitikia kila kipengele kwa "naam" ya chini. Baadaye nikaenda kuyatafuta maneno yake kwenye maandishi ya wataalamu. Yote yamo, ila wao wametumia kurasa nyingi zaidi.

Muhogo una kitu kinaitwa linamarini, mchungu ukiwa nacho kwa wingi zaidi. Chenyewe kimetulia. Katika mzizi huohuo, lakini chumba kingine, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarase. Vimetenganishwa na kuta nyembamba za ndani, na maadamu kuta zimesimama, hakuna kesi. Ukiuponda muhogo, ukiukwangua, panya akiutafuna, kuta zinabomoka, viwili hivyo vinakutana, na mwisho wa mkutano wao ni gesi ya sianidi. Ndiyo silaha yake, na ndiyo sababu mkulima anaupenda huo mchungu: nguruwe pori na nyani wanaujua, wanaupita wanakwenda kwa shamba la mwenye mtamu. Mwaka wa ukame sumu inaongezeka mzizini. Kazi yote ya mama, kumenya, kuponda, kuvundika, kuanika, kutwanga kisamvu mpaka kinu kilie, kumbe ni kuvikutanisha hivyo viwili makusudi, ili gesi ipande ijiendee kabla ya chakula kufika sinia. Anayedhani ataiua sumu kwa kuchemsha mzizi mzima amekosea hesabu, maana moto unaua kimeng'enya kwanza na linamarini inabaki imekaa.

Kongo wana mito. Wanauloweka muhogo siku tatu nne mpaka ulainike, na maji yanafanya sehemu kubwa ya kazi. Uwanda wetu ni mchanga, mvua inazama yote. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma kwa macho na maji yako chini huko. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 na watu bado wanasimama kwenye foleni na ndoo. Nani ataloweka muhogo siku tatu kwa maji ya kununua? Ndiyo maana sisi ni watu wa makopa: menya, pasua, anika, omba jua. Na jua peke yake, kwenye kipande kikubwa, linakausha mapema, viwili hivyo havijakutana vya kutosha, sumu nyingine inabaki.

Mama mkwe akamalizia na dawa. Unga wenye shaka unauweka kwenye beseni, unatia alama ndani pale ulipofikia. Unamimina maji ukikoroga. Unga unashuka, wewe endelea tu, unapanda tena mpaka unafika kwenye ile alama, hapo acha. Unautandaza mkekani, usizidi kina cha sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha unausonga palepale. Nilipouliza kwa kupitia mtoto jambo hili amelitoa wapi, akajibu walikuja watu wakafundisha kijijini. Njia hiyo ilitoka Canberra, kwa Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, aliyeona kwamba katika unga mkavu linamarini na kimeng'enya chake vyote bado vipo, vinangoja maji tu.

Na waliokuja kufundisha hawakuja kwa matembezi. Hapa ucheshi wangu unaniishia. Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi. Akili iko sawa, mikono mara nyingi iko sawa, miguu basi, fimbo mpaka kaburini au kutambaa. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Mwaka 1981 uliwapata zaidi ya watu elfu moja ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulifika Tarime, wakati wa ukame. Miaka ya 2000 ukaja mkoa huu wa Mtwara. Mwili una njia yake ya kuipoza sianidi, lakini unahitaji salfa inayotoka kwenye protini, samaki, nyama, kunde. Kwa hiyo wawili wanaweza kula ugali wa unga mmoja, mwenye kitoweo akaamka akaenda zake, na asiye na kitoweo asiamke na miguu yake. Watu wanajua kuanika. Njaa ndiyo inayofupisha siku za kuanika, na mwenye njaa hasubiri jua la tano.

Nikaichukua tena ile karatasi ya hospitali. Samoni yumo. Bakwiti imo. Muhogo haumo hata mstari mmoja, wala namna ya kuutengeneza, na karatasi imepewa mtu anayerudi Newala. Aliyeiandika alikuwa na hakika kwamba watu wasiokula ngano wanaishi mahali fulani, na hakika kubwa zaidi kwamba si hapa. Huku nyuma, shemeji yangu wa Dar es Salaam amenitumia picha ya unga wa muhogo dukani kwao, paketi ina kidirisha cha kuonea na maandishi ya dhahabu kwamba hauna gluteni. Bei yake sitaitaja, mwenye makopa wa Masasi asije akaisoma akafa kwa kicheko au kwa kitu kingine. Mwaka 2017 India ilipoweka mipaka ya kununua mbaazi zetu, bei ikaanguka mpaka watu wakaacha mbaazi shambani, hakuna aliyekuja na kidirisha wala dhahabu kutuambia kwamba tumekalia chakula cha afya.

Jana tulilala na mbaazi. Leo asubuhi beseni limetiwa alama kwa mkaa, na mama mkwe amehamishia kiti chake mahali anapouona mkeka bila kuniona mimi.

Mengine ni madogo. Vitumbua nilivyomnunulia mke wangu kwa kujiamini, mchele mtupu, mwenye navyo alisema baada ya kulipwa kwamba huwa anatia ngano kiganja kimoja ili vishikane. Unga wa lishe tuliomnywesha uji wiki nzima ili apate nguvu ulikuwa na ngano, imeandikwa nyuma, herufi za kuwindwa kwa tochi. Chapati ya mtama ilipasuka nilipoitazama. Korosho nilizitaka nitie kwenye kisamvu, nikazibangua mwenyewe, na mafuta ya ganda yamenipa malengelenge ambayo mjomba, alipoyaona, alirudia kwamba nina nguvu. Kuhusu ming'oko iliyoungua sitasema kitu kwa sasa, kwa sababu sufuria ni ya jirani na shauri bado liko kwa mwenyekiti wa mtaa.